Mkono wa Nahodha

Baba yangu huwa namfunga. Naanza na hilo ili anayetaka kunikasirikia anikasirikie mapema, kisha tuendelee.

Namvisha mkanda wa usalama wa mabaharia, ule unaopita mabegani na kifuani, halafu kamba yake naipachika kwenye pete ya chuma nyuma ya kiti chake, ndani ya chumba cha usukani, mahali ambapo mkono wake haufiki. Nilianza vuli hii, baada ya siku ile alipofungua mlango tukiwa katikati ya ghuba na kutoka kwenda kuutafuta mzinga wa chusa, ule wa kupigia nyangumi, uliong'olewa kwenye boti hii zamani sana. Risten, anayefanya kazi nami, alimdaka ukosi, mguu mmoja wa baba ukiwa umeshavuka reli. Maji ya kwetu hayana mchezo. Ukidumbukia, hujamaliza kupiga kelele mikono imeshakufa ganzi.

Nyumbani siwezi kumwacha. Aliwahi kuweka buti zake juu ya jiko la umeme zikauke, akaenda zake kulala. Mama alishatangulia. Kaka yangu yuko Oslo, na kila Jumapili hupiga simu kunipa ushauri. Basi kila asubuhi namvisha baba sweta, suruali mbili na mkanda, tunakwenda gatini. Boti yetu inaitwa Petra, jina la mama.

Jina la baba ni Torleif. Alikuwa mpiga chusa na nahodha, wa mwisho hapa kijijini kuwinda nyangumi, na boti ni hii hii. Aliwapiga nyangumi toka Petra. Mimi nawapeleka wageni toka Petra wakawatazame. Huo ndio urithi wangu, pamoja na goti bovu na hasira za karibu.

Alikuwa mtu wa desturi. Kwenye boti yake hakuna aliyeshuka kabla ya kupewa mkono. Boti ikishafungwa gatini, mabaharia walibaki wamekaa mahali pao. Yeye alivua glavu, akapita kwa mmoja mmoja, akampa mkono mtupu na kumwambia, "Asante kwa safari." Hapo ndipo ulikuwa umeachiwa, si kabla. Nilipokuwa msichana nikiwapikia mabaharia wake, siku moja niliruka gatini mapema kwa sababu kulikuwa na dansi. Alinirudisha botini. Nilikaa jikoni na gauni langu la dansi mpaka alipomaliza maneno yake yote na wanunuzi wa nyama, ndipo akaja, taratibu, akavua glavu.

Nilipoichukua boti, desturi hiyo niliitupilia mbali. Wageni arobaini, baridi ya kung'oa masikio, nani avue glavu? Nawapungia tu dirishani, wanashuka, basi.

Vuli hii baba alianza kuniita Nahodha. Yule yule ambaye maisha yake yote hakuniachia usukani bila kusimama nyuma yangu akinipumulia shingoni. Sasa kila asubuhi aliniinamishia kichwa, akasema, "Nahodha," na kukaa kitini bila ubishi. Nisiwe mwongo, nilivimba kichwa. Na tukirudi, alikuwa hataki kushuka. Wageni wameondoka, taa zimezimwa, yeye kakaa palepale, mikono magotini, macho mbele. Ilibidi nimbembeleze kwa kahawa, kwa keki, na siku nyingine mimi na Risten tumnyanyue kwapani. Nikawa nawaambia watu dukani: mnaona? Boti ndiyo pumzi yake. Mkimtoa baharini mmemuua.

Asubuhi ya siku ninayoisimulia, Gunnvor wa nyumba ya wazee alinipigia simu nikiwa nakata karoti za supu.

"Solbjørg, kitanda kimepatikana. Chumba cha kona, dirisha linatazama gati."

"Nani kafa?"

"Jamani, usiulize hivyo."

"Nauliza, kwani vitanda vyenu hupatikana kwa njia gani nyingine?"

Akacheka kwa pua. "Nataka jibu leo, kabla sijafunga ofisi. Ukinyamaza, kinakwenda kwa mama yake Jarle. Jarle alishasema ndiyo kabla sijamaliza swali."

Nilimwambia nitaona. Nilirudi kwenye karoti na nikajikata kidole. Kumpeleka baba kule, kwenye korido zenye harufu ya dawa ya kusafishia na redio ya kutwa, yeye aliyezunguka bahari hii yote? Lakini usiku uliotangulia nilikuwa nimeamka mara ngapi sijui kumrudisha kitandani, nikalia bafuni, bomba likiwa wazi asinisikie. Nikienda mbele, ukuta. Nikirudi nyuma, ukuta.

Tuliondoka kukiwa na mwanga ule wa bluu wa msimu wa giza, jua likiwa halijachomoza kwa wiki kadhaa na halitachomoza karibuni. Samaki aina ya heringi walikuwa wameingia ghubani kwa wingi, na nyangumi nyuma yao. Wageni walijipanga kwenye reli wakiwa ndani ya maovaroli mekundu niliyowakodisha, wamenenepa, hawapindi viwiko.

Risten alishika kipaza sauti. Ni msichana wa Kisami, wenyeji wa asili wa huku kaskazini, kutoka ng'ambo ya ghuba, mdomo wake haujui likizo.

Nyangumi wa kwanza alipotoa mgongo, baba aliruka kitini hadi kamba ikamvuta.

"Piga!" alinguruma. "Piga, mnangoja nini!"

"Nahodha wetu mstaafu anasema tazameni kulia," Risten akawatangazia wageni kwa Kiingereza, sauti tamu kabisa.

Mama mmoja wa Kijerumani aliyekuja kuomba kitambaa cha kufutia kamera alisimama mlangoni, akaiona kamba.

"Kwa nini mzee amefungwa?"

"Asianguke."

"Anajua kwamba amefungwa?"

"Mama, funga mlango, baridi inaingia."

Aliufunga, lakini upande wa nje alibaki ananitazama kupitia kioo. Damu ilinichemka. Watu wanaolipa wakae saa chache kwenye boti yangu wanataka kunifundisha baba yangu. Nilijisemea maneno ambayo mama asingependa kuyasikia.

Ndipo redio ikapasuka. Alikuwa Jarle, yule yule wa kitanda, nahodha wa meli ya heringi iliyokuwa ikivua chini ya mlima.

"Shetani na ukoo wake wote," alisema, bila salamu. "Nimefunga wavu, na nyangumi yuko ndani. Mwenye nundu. Mkubwa kama kanisa."

Walinzi wa pwani wakaingia redioni hapohapo. Boti zote zilizo karibu zisimame zilipo, injini zikae kimya, mtu asisogee hata kidogo, mnyama asije akashtuka akajizungushia wavu. Tulikuwa tumeshaingia uchochoroni. Kushoto mwamba, kulia boti mbili za wageni kutoka mjini, mbele mstari wa maboya ya Jarle. Nilizima injini. Simu yangu ikaanza kutetemeka mfukoni, nikaona jina la Gunnvor, nikaiacha itetemeke.

Mwanzoni wageni walifurahi. Nani amewahi kumwona nyangumi karibu hivyo, bila kumkimbiza? Kamera zikalia. Kisha polepole kelele zikafa. Duara la maboya halikuwa kubwa, na yule mnyama alilizunguka, akalizunguka tena. Kila alipofika upande wetu alitoa kichwa, akagusa boya kwa pua, kidogo tu, kama mtu anayejaribu mlango wa watu. Akapumua, pumzi yake yenye harufu ya samaki waliooza ikatufikia. Akageuka. Wageni waliacha kupiga picha. Mama wa Kijerumani alikuwa anafuta machozi kwa kitambaa changu cha kamera.

"Ule si wavu wa kumshinda," Risten aliniambia, ameingia kupasha vidole. "Angeutwanga mara moja tu, ungechanika."

"Mnyama hajui hivyo."

"Jarle atamwachia?"

"Ili amwachie lazima aushushe wavu upande mmoja. Samaki wote wanakwenda."

"Kwa hiyo hataki."

"Kwa hiyo anatukana kwanza. Mwache amalize."

Na kweli, redioni Jarle alikuwa akimtukana nyangumi, bahari, serikali na yeyote aliyewahi kuzaliwa na mapezi. Simu ikatetemeka tena. Mwanga ulikuwa umeanza kupungua. Sikuweza kwenda mbele wala nyuma, na nilitamani kupiga honi hadi milima ianguke.

Baba alikuwa ametulia. Hakusema piga. Alimfuata yule nyangumi kwa macho, duara baada ya duara, na midomo ikimcheza.

"Anangoja," alisema.

"Anangoja nini, mzee?" Risten akachuchumaa mbele yake. Yeye huongea naye kuliko mimi. Mimi muda wangu huisha kwa kumvalisha.

"Apewe mkono."

Risten akacheka. "Nyangumi apewe mkono!"

"Kazi imekwisha. Samaki wamekamatwa. Na yeye anataka kwenda nyumbani." Aliinama karibu na sikio lake, kama anayetoa siri, lakini masikio yake mabovu humfanya aongee kwa sauti kubwa hata siri. "Hata mimi."

"Hata wewe nini?"

Akaninyooshea kidevu. "Huyu nahodha. Mimi nimefanya kazi na manahodha wengi, msichana, sijaona mkali kama huyu. Kila siku tunarudi gatini. Nakaa mahali pangu, sina fujo. Nangoja. Wote wanaondoka. Hanipi mkono. Halafu kesho yake ananirudisha tena baharini."

Risten hakucheka. Alinitazama, akatazama chini.

"Mimi nimezeeka," baba aliendelea. "Naona baridi. Bahari nimeshaiona. Lakini nitashukaje? Mtu hashuki bila mkono, ni aibu."

Nilikuwa nimeshika usukani wa boti isiyokwenda popote. Nilitaka kusema, Baba, ni mimi, Solbjørg wako. Nikaona kwamba hilo halingesaidia kitu. Kwake binti yake alikuwa mahali pengine, huenda dansini, na mbele yake alikaa mwanamke mkali mwenye ufunguo wa boti. Siku zote zile nilizomwinua kwapani nikidhani hataki kuiacha Petra! Na jina lile nililolivaa kifuani kama nishani, Nahodha, lilikuwa jina la mtu ambaye baba alimwogopa. Nilijisikia vibaya, vibaya kabisa, na sina neno zuri zaidi la kulipamba.

"Haya," Jarle akasema redioni, sauti yake imechoka. "Nashusha. Mnyama huyu na watoto wake wakumbuke jina langu."

Upande wa mbali wa duara maboya yalizama moja baada ya jingine. Heringi wakamiminika nje, maji yakameta, shakwe wakashuka wakipiga makelele. Nyangumi alizunguka. Njia ilikuwa wazi, lakini alizunguka tena, akaja upande wetu, akagusa boya, akageuka kama mwanzo.

"Toka, mjinga!" mtu alipiga kelele kwenye boti ya jirani.

"Anasema asante," Risten alinong'ona. Nadhani alikuwa anajaribu kunichekesha.

Alizunguka mara nyingine. Kisha, bila haraka, akapita pale palipozama wavu, akainua mkia wake mpana, akashuka. Wageni wakapiga makofi na glavu zao nene, sauti kama mito ya kulalia inayokung'utwa vumbi. Baba naye alipiga makofi. Mara moja tu, akasahau kwa nini.

Walinzi walipotuachia, niliwasha injini na kumpigia Gunnvor kabla sijageuza boti.

"Kile kitanda tunakichukua."

"Umefikiri vizuri? Asubuhi ulikuwa..."

"Gunnvor, andika."

"Jarle atasikitika."

"Najua. Leo kila mtu anamnyang'anya Jarle. Atanichukia, na ana haki."

"Na Torleif? Umemwambia?"

"Yeye ndiye aliyeniambia," nilisema, nikakata simu.

Njia nzima ya kurudi baba alisinzia, kichwa kikigonga kioo. Risten aligawa supu. Mama wa Kijerumani aligonga mlango, akaingiza bakuli la pili, akaliweka mbele ya baba bila kunitazama. Nikamwambia asante. Alikuwa na haki yake pia, ingawa nisingempa raha ya kumtamkia.

Gatini nilifunga kamba za mbele na za nyuma mwenyewe. Wageni wakashuka, nikawapungia. Nilizima taa za sitaha, nikaacha ile ya chumba cha usukani. Baba alikuwa amekaa kama kila siku, mikono magotini, macho mbele. Nilimwona kwa mara ya kwanza jinsi alivyokaa. Mgongo wima. Kofia ameiweka sawa. Mkono wa kulia hakuuvisha glavu. Glavu aliiweka juu ya paja, imekunjwa vizuri. Kumbe kila siku alikuwa ameivua.

Nilizunguka nyuma ya kiti, nikaichomoa kamba kwenye pete. Kisha nikaja mbele yake na kusimama alikokuwa akisimama yeye enzi zile, nikavua glavu yangu. Kidole nilichojikata kwenye karoti kilikuwa bado na plasta.

"Torleif," nilisema. Sikuwahi kumwita kwa jina maishani mwangu. "Asante kwa safari."

Alinitazama kwanza mkono, kisha uso. Sijui alimwona nani. Akaukamata mkono wangu kwa nguvu ambazo nilidhani zilishamwisha, akautikisa mara moja, chini, imara.

"Asante na wewe, Nahodha," alisema. "Imekuwa ndefu."

Akainuka. Peke yake. Sikumgusa kwapani, sikumtajia kahawa. Alichukua glavu yake, akapita mlangoni, akashika reli ya ngazi kama mtu anayeijua, akashuka hatua kwa hatua na kamba ya mkanda ikiburuta nyuma yake hadi Risten, aliyekuwa akimngoja chini, alipoiokota na kuizungusha mkononi. Wakaondoka wawili kuelekea kwenye gari, baba akiongea, Risten akicheka. Nilingoja ageuke aitazame boti. Hakugeuka.

Nilikaa kwenye kiti chake. Kilikuwa bado na joto. Kwenye kioo mbele yangu palikuwa na alama ya mafuta pale kichwa chake kilipokuwa kikigonga, na nje ya kioo, ghuba, ile ile ambayo kesho ningeirudia na keshokutwa, na watu wengine arobaini wenye maovaroli mekundu.

"Bosi!" Risten aliita kutoka gatini. "Hushuki?"

"Nakuja!"

Mkono wangu wa kulia ulikuwa bado hauna glavu. Niliuweka gotini, nikabaki nimekaa.